Ni Watoto Wangapi Wanaotosha Kujengewa Shule?

Kila mwaka mimi huwauliza wanafunzi wangu wa isimujamii swali moja ambalo wao hudhani ni jepesi: Je, ni watoto wangapi wa lugha fulani wanaotosha ili serikali iwajengee shule inayofundisha kwa lugha hiyo? Wako wanaojibu mia moja, wako wanaojibu mia tano. Mwaka mmoja kijana mmoja alijibu kwamba hata mtoto mmoja anatosha, na darasa zima likaangua kicheko. Sikumbuki mwaka ambao waliafikiana. Wakishabishana hadi sauti zikawapanda, huwasimulia kisa cha mji mdogo uitwao Summerside, ulioko katika Kisiwa cha Prince Edward, mashariki mwa Kanada. Leo ningependa kukisimulia kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wasomao ukurasa huu, maana nashawishika kwamba kinatuhusu kuliko kinavyoonekana kwa mbali.

Kisiwa cha Prince Edward ndicho mkoa mdogo kuliko mikoa yote ya Kanada, kwa eneo na kwa idadi ya watu. Nchi hiyo inazo lugha rasmi mbili, Kiingereza na Kifaransa, lakini wasemaji wengi wa Kifaransa wanaishi katika mkoa wa Quebec. Huko kisiwani, watu ambao Kifaransa ni lugha yao ya mama hawafiki 5 kwa kila 100. Wengi wao ni Waakadia, yaani wazawa wa wakulima na wavuvi waliotoka Ufaransa na kulowea pwani hizo katika karne ya 17, kisha wakafika kisiwani kwenyewe kuanzia mwaka wa 1720. Historia yao ni ya majonzi. Mwaka wa 1755 Waingereza walianza kuwahamisha kwa nguvu Waakadia wa bara, na mwaka wa 1758 zamu ikawafikia wa kisiwani. Walipakiwa merikebuni kama shehena, na wengi wakafa baharini kwa kuzama na kwa maradhi. Wale waliojificha, pamoja na wale waliorejea baadaye, ndio walioanzisha upya vijiji vyao.

Mnamo 1884 wajumbe wa Waakadia kutoka sehemu mbalimbali walikutana katika kijiji cha Miscouche, jirani na Summerside, wakachagua bendera ambayo watu wao wanaipeperusha hadi hivi leo. Bendera, hata hivyo, haimfundishi mtoto kusoma. Zaidi ya miaka mia moja baada ya mkutano ule, familia za Kiakadia zilizoishi Summerside hazikuwa na shule hata moja ya Kifaransa mjini mwao. Mtoto alikuwa na njia mbili tu: aende shule ya Kiingereza iliyo karibu na nyumbani, au apande basi hadi kijiji cha Abram-Village, ambako kulikuwa na shule ya Kifaransa iitwayo Évangéline.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze sheria ilivyokuwa, maana bila sheria kisa hiki kingalikuwa cha manung'uniko matupu. Kwa mida mrefu mikoa yenye Waingereza wengi nchini Kanada ilikuwa imeibana elimu ya Kifaransa kwa njia moja ama nyingine. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Ontario, ambako mwaka wa 1912 ilitolewa Kanuni ya 17, iliyozuia Kifaransa kutumiwa kama lugha ya kufundishia baada ya miaka miwili ya kwanza ya shule. Mnamo Januari 1916, akina mama wa mjini Ottawa waliilinda shule ya Guigues ili walimu wawili waliokatazwa kufundisha humo waendelee na kazi yao. Silaha yao ilikuwa pini ndefu za kushikia kofia. Hatimaye kanuni hiyo ililegezwa mwaka wa 1927, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kupita chini yake.

Ni kwa sababu ya historia ya namna hiyo ndipo Hati ya Haki ya Kanada ya mwaka wa 1982 ikawekwa kifungu cha 23. Kifungu hicho kinawapa wazazi wa jamii ndogo ya lugha rasmi, wawe Wafaransa walio nje ya Quebec au Waingereza walio ndani yake, haki ya kuwasomesha watoto wao kwa lugha yao, katika shule zinazogharimiwa na umma. Haki hiyo imefungwa kwa sharti moja: lazima idadi ya watoto iwe ya kutosha. Nawaomba wasomaji walishike sharti hilo, kwa kuwa ugomvi wote wa Summerside ulizuka hapo.

Katika miaka ya 1990 wazazi wa Summerside waliiendea bodi ya shule za Kifaransa ya mkoa, wakaiomba ianzishe madarasa ya msingi mjini mwao. Bodi ilikubali. Waziri wa Elimu akakataa. Alisema serikali itatoa basi la kuwapeleka watoto Abram-Village, na kwamba shule ndogo mno haiwezi kutoa elimu iliyo bora. Hebu tumtendee haki waziri huyo, maana hoja zake hazikuwa za mtu mjinga wala za mtu katili. Watoto walioandikishwa walikuwa makumi machache tu. Shule nzuri ya Kifaransa ilikuwapo tayari. Watoto wengi wa mashambani, wenye lugha yoyote ile, hupanda basi kila siku. Mwalimu mkuu yeyote anayeisoma makala hii anajua ugumu wa kuendesha shule yenye wanafunzi wachache: mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, maktaba isiyo na vitabu, timu ya mpira isiyotimia.

Wazazi hawakuridhika. Mmoja wao, Noëlla Arsenault-Cameron, pamoja na wenzake, waliishtaki serikali ya mkoa. Walishinda mwaka wa 1997 katika mahakama ya kwanza, wakashindwa mwaka wa 1998 katika rufani, kisha tarehe 13 Januari 2000 Mahakama ya Juu ya Kanada ikawapa ushindi kamili. Hukumu hiyo iliandikwa na majaji Major na Bastarache, na mimi huwasomesha wanafunzi wangu kana kwamba ni makala ya isimu, kwa kuwa majaji hao waliielewa lugha kuliko wengi wetu tunaolipwa mshahara kwa ajili yake.

Jambo la kwanza walilolisema lahusu hesabu. Idadi inayotakiwa si ile ya watoto waliojiandikisha leo, wala si ile ya watoto wote wanaostahiki kisheria. Ni idadi iliyo baina ya hizo mbili, yaani ya wale wanaoelekea kuitumia shule iwapo itakuwapo. Hapa pana siri kubwa. Mzazi hamwandikishi mtoto katika shule asiyoiona. Ukingoja watoto wajae ndipo ujenge, hawatajaa kamwe. Na kila mwaka unaongoja, baadhi yao wanahamia lugha nyingine na kuacha kuhesabika. Serikali inayochelewa huzalisha uchache, kisha hutumia uchache huo huo kuwa sababu ya kuchelewa zaidi.

La pili lahusu basi. Majaji walikubali kwamba watoto wa Kiingereza nao husafiri, lakini wakasema safari hizo mbili hazilingani. Mtoto wa Kiingereza akisafiri, anatoka shule ya Kiingereza kwenda shule nyingine ya Kiingereza; hakuna anachokipoteza ila usingizi. Mtoto wa Kiakadia akichoshwa na safari, shule ya karibu inamngoja, nayo ni ya lugha nyingine. Basi lile, kwa hivyo, lilikuwa limewekwa kwenye njia panda ya lugha, na kila asubuhi ya baridi na theluji ilikuwa ikimvuta mzazi kuelekea upande mmoja. Kuwatendea watu kwa usawa si lazima kuwatendea kwa namna moja.

La tatu lahusu mamlaka. Ni nani aamuaye kwamba shule ni ndogo mno? Mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kusema mwaka wa 1990, katika kesi ya Mahe iliyotoka Alberta, kwamba haki ya shule huenda sambamba na haki ya kuisimamia pale idadi inaporuhusu. Katika kesi ya Summerside ilisisitiza kwamba bodi ya wenye lugha ndiyo yenye kuamua mahali pa shule, na kwamba waziri hana ruhusa ya kuweka maoni yake mahali pa maoni yao ikiwa wao wametimiza sheria. Wale ambao lugha yao imo hatarini ndio wajuao ni wapi panapovuja.

Leo Summerside inayo shule yake ya Kifaransa. Inaitwa École-sur-Mer, yaani shule iliyo kando ya bahari.

Sasa nigeuke kidogo kuwa mwalimu wa somo langu. Mwanasaikolojia Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill alitufundisha kutofautisha aina mbili za uwililugha. Upo uwililugha wa kuongeza, ambapo mtu hujifunza lugha ya pili huku ya kwanza ikiwa salama, na upo uwililugha wa kupunguza, ambapo lugha ya pili huingia kama mgeni na kumtoa mwenye nyumba. Mtoto wa Kiingereza nchini Kanada anayesomeshwa kwa Kifaransa anaongeza. Lugha yake inamngoja dukani, kwenye televisheni na uwanjani. Mtoto wa Kiakadia anayesomeshwa kwa Kiingereza anapunguza. Mtafiti Rodrigue Landry wa Moncton, pamoja na wenzake, walionyesha jambo ambalo wazazi wengi hulitilia shaka: katika jamii ndogo, mtoto akisomeshwa zaidi kwa lugha yake, Kiingereza chake hakidhoofiki, kwa sababu Kiingereza kimemzunguka pande zote. Kinachodhoofika, shule ikikosekana, ni ile lugha ndogo.

Zipo pingamizi tatu ambazo lazima nizijibu. Ya kwanza ni ya fedha. Shule ndogo ni ghali. Hilo halina ubishi. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu hiyo hiyo, katika kesi iliyotoka British Columbia, ilikataa kwamba kutaka kugawa fedha za umma kwa busara kunatosha kuwa sababu ya kuivunja haki hii. Mimi nisiye mwanasheria ningeongeza tu kwamba hatujawahi kuhesabu gharama ya upande wa pili: ya mtoto anayerudia darasa kwa kuwa hakuielewa lugha ya mwalimu, na ya bibi asiyeweza kuzungumza na mjukuu wake.

Ya pili ni kwamba shule haiokoi lugha peke yake. Joshua Fishman, katika kitabu chake cha 1991 kuhusu kugeuza mkondo wa lugha zinazopotea, alituonya kwamba lugha hurithishwa nyumbani na mtaani kwanza. Nakubaliana naye. Lakini katika mji kama Summerside, ambako duka, ofisi na kiwanja vyote vimeshikwa na Kiingereza, shule ndiyo mtaa wenyewe. Ndipo wazazi wanapokutana, ndipo sherehe zinapofanyika, ndipo mtoto anapogundua kwamba Kifaransa si lugha ya nyanya yake tu bali ya watoto wenzake pia. Jambo hilo haliwezekani ndani ya basi.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo iliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja atokaye jamii ndogo ya kaskazini. "Mwalimu," alisema, "Kifaransa kimekuwa yatima tangu lini?" Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa na haki. Kifaransa ni lugha ya dola kubwa. Katika Ufaransa yenyewe, mtoto wa Brittany aliyeteleza na kusema Kibretoni shuleni alivikwa kitu cha aibu kilichoitwa alama, akae nacho hadi amkamate mwenzake. Na katika kisiwa hicho hicho cha Prince Edward wapo watu wa Mi'kmaq, walioishi hapo kabla ya Mfaransa na Mwingereza kukiona. Watoto wao walipelekwa ng'ambo ya mlangobahari, katika shule ya bweni ya Shubenacadie huko Nova Scotia, iliyoendeshwa kuanzia 1930 hadi 1967, ambako lugha yao ilipigwa marufuku. Kifungu cha 23 hakiwataji. Sheria ya Lugha za Wenyeji ya Kanada ilipatikana mwaka wa 2019 tu, nayo haimpi mzazi wa Mi'kmaq haki ya kudai shule mahakamani kama ile aliyoipata jirani yake Mwakadia.

Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba pingamizi lake haliiangushi hoja ya Summerside, linaipanua. Ikiwa Kifaransa, chenye vitabu, filamu na dola nyuma yake, kinaweza kufifia katika mji mmoja kwa kukosa madarasa machache, basi lugha isiyo na kimoja kati ya hivyo itasimama vipi? Aliandika jibu hilo katika daftari lake. Sidhani kwamba lilimtosha, na kusema kweli halikunitosha hata mimi.

Sisi Wakenya tunaijua ile alama ya Brittany. Nilipokuwa katika shule ya msingi tulivishwa kibao shingoni tukikamatwa tukisema lugha ya nyumbani, na jioni aliyekutwa nacho aliadhibiwa. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilijifunza mambo mawili kutokana na kibao kile: kunyamaza, na kuwapeleleza wenzangu. Ajabu ni kwamba wakati huo sera ya taifa ilikuwa kinyume. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilikuwa imependekeza kwamba watoto wa madarasa matatu ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 unashikilia msimamo huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaiamuru serikali ikuze na kuendeleza matumizi ya lugha za kiasili, na kifungu cha 56 kinataja lugha za jamii ndogo na zilizotengwa. Maneno tunayo. Tusichokuwa nacho ni kile alichokuwa nacho mzazi wa Summerside: haki iliyo wazi kiasi cha kumwezesha kusimama mbele ya jaji na kusema, watoto wangu ni hawa, shule iko wapi?

Watu wa Yaaku wa Mukogodo, huko Laikipia, waliiacha lugha yao na kushika Kimaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Elmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Jambo kama hilo likitajwa katika mikutano yetu, hakosi mtu wa kuinuka na kusema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nimechoka kuisikia methali hiyo ikitumiwa hivyo. Inamtwika lawama mzazi, kana kwamba aliamka asubuhi moja akaitupa lugha yake jalalani. Mzazi wa Summerside hakuacha kitu. Aliwekewa shule moja mlangoni na nyingine mwendo wa basi, kisha akaambiwa achague kwa hiari yake. Wengi wa wazazi wetu hawakuwekewa hata hilo basi.

Nisijifanye mtakatifu. Mimi niandikaye haya nina watoto jijini Nairobi wanaonijibu kwa Kiingereza ninapowasemesha kwa lugha ya mama yangu. Mama akija kututembelea hukaa sebuleni akitabasamu, naye ni msimulizi ambaye kijijini watu huacha kazi wakamsikiliza. Nina shahada ya uzamifu katika lugha, na bado nililiacha jambo hili litokee chini ya paa langu, kwa kusema kila mwaka kwamba watajifunza wakikua. Hivyo ndivyo mawaziri nao wasemavyo.

Basi nawaomba walimu wenzangu mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, pale ambapo kibao cha shingoni bado kipo, kwa jina lolote lile, kiondolewe; hakuna sera ya Kenya inayokiamuru. Pili, mwalimu wa madarasa ya chini aliyetumwa katika eneo la lugha ndogo aulize ni nani kijijini anayeweza kumsaidia kuandaa hadithi na hesabu kwa lugha hiyo, badala ya kungoja vitabu kutoka Nairobi. Nanyi wanafunzi, hasa mnaosomea sheria na ualimu, someni kesi ya Arsenault-Cameron, kisha mjiulize kifungu cha 56 cha Katiba yetu kingesomekaje kikitiwa meno ya namna hiyo.

Ama kuhusu yule kijana aliyesema kwamba hata mtoto mmoja anatosha, yeye ni mwalimu sasa, katika kaunti moja ya pwani. Juzi aliniandikia kwamba katika darasa lake la kwanza wako watoto saba wanaosema lugha ambayo yeye haielewi, na kwamba ameanza kuwauliza majina ya vitu. Amekwisha kuyapata maneno arubaini. Ananiuliza kama saba ni idadi ya kutosha.